Mzazi, maji ya kuchemka hayatoshi kuhifadhi nyama na maharage kwenye chupa

Jumapili ya Aprili 19, 2015, waumini wa kanisa moja katika mji wa Lancaster, jimbo la Ohio nchini Marekani, walikutana kwa chakula cha pamoja ambacho kila mmoja alichangia alichopika nyumbani kwake. Siku mbili baadaye hospitali ya eneo hilo ilitoa taarifa kwa idara ya afya kuhusu mgonjwa mwenye dalili ambazo madaktari hawakutani nazo kila siku. Ndani ya saa mbili wagonjwa wengine wanne walifika wakiwa na hali ileile.

Hesabu ilipokamilika, kati ya watu 77 waliokula chakula kile, 29 walikuwa wameugua. Kumi na mmoja kati yao walilazimika kuwekewa mashine ya kupumulia. Mmoja alifariki dunia muda mfupi baada ya kufikishwa hospitali.

Chanzo kilikuwa saladi ya viazi. Viazi hivyo vilikuwa vimehifadhiwa nyumbani kwenye chupa, na aliyeviandaa alizichemsha chupa hizo kwenye maji badala ya kutumia sufuria ya presha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vilipotolewa kwenye chupa havikupashwa moto. Vilichanganywa na viungo vingine na kupelekwa mezani.

Hakuna mtu aliyetia sumu kwenye chakula kile. Kilichokosekana ni joto tu. Maji yanayochemka yana nyuzi joto 100 za Selsiasi, na kazi ile ilihitaji kati ya 116 na 121.

Kwa familia nyingi za Tanzania na Kenya, kuhifadhi chakula kwenye chupa ni habari ya jemu na achari. Lakini sufuria za presha, za kuweka kwenye gesi na za umeme, zimeingia kwenye majiko mengi, na zimekuja na mawazo mapya. Mama anayerudi kazini saa moja usiku anaona heri achemshe maharage ya mwezi mzima kwa siku moja, ayajaze kwenye chupa yakiwa ya moto, afunge na kuyapanga kabatini. Mwingine anataka kuanza biashara ya mchuzi wa nyama wa chupa. Na karibu kila mzazi mwenye mtoto wa bweni amewahi kufikiria kumfungia kitu chenye ladha cha kusukumia ugali wa shule.

Nia ni njema, na ndiyo inayofanya hatari hii iwe ngumu kuiona.

Bakteria asiyependa hewa

Ugonjwa uliowapata watu wa Ohio unaitwa botulizimu. Unaletwa na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake ngumu, zinazoitwa spora, hukaa kwenye udongo. Kwa hiyo zinaweza kuingia jikoni na kiazi, karoti, kitunguu saumu au kiganja cha maharage. Mtu mwenye afya akizimeza, kwa kawaida hapati madhara yoyote. (Mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni tofauti. Utumbo wake haujakomaa na spora zinaweza kumea humo humo. Ndiyo sababu wataalamu wa afya wanakataza asali kwa watoto wa umri huo, hata ile ya kulambishwa kidogo kwa kidole.)

Spora hazina neno zikiwa zimelala. Tatizo ni zinapoamka, na ili ziamke zinataka mahali pasipo na oksijeni, penye unyevu, pasipo na uchachu wa kutosha na penye joto la kawaida la chumba. Chupa ya maharage iliyofungwa barabara na kuwekwa kabatini inatimiza masharti yote hayo.

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mtu huona kifuniko kimebonyea ndani, kimeng'ang'ania, hakivuji, akaamini chakula kimesalimika. Ni kweli kwamba ukungu na wadudu wengine hawataingia. Lakini kwa bakteria huyu, kufungwa vizuri ndiyo raha yake.

Maji yanayochemka huwaua bakteria wenyewe. Spora hubaki, hata chupa zikichemshwa kwa saa kadhaa. Kinachozimaliza kwa muda unaofaa ni mvuke uliobanwa, kwa sababu mvuke ukibanwa joto lake hupanda zaidi ya 100.

Na hiyo 100 yenyewe ni ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Kila mtu anapopanda mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwa joto pungufu kwa karibu nyuzi moja. Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, Mbeya na Nairobi kwenye 94. Mkazi wa Njombe anayeshangaa kwa nini maharage yake hayaivi haraka kama ya dada yake wa Dar es Salaam ameshakutana na jambo hili bila kuambiwa na mwalimu wa fizikia.

Sufuria ya presha ya jikoni si ya kusindikia

Kama presha ndiyo dawa, kwa nini mtu asitumie sufuria ya presha aliyonayo?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, kwa sababu jibu lake halionekani kwa macho. Sufuria ya kupikia na sufuria ya kusindikia zinafanana kwa umbo, na zote hutoa mvuke kwa kelele. Lakini ya kusindikia ni kubwa: Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo maelekezo yake ndiyo yanayofuatwa zaidi katika usindikaji wa nyumbani, inataka iweze kubeba angalau chupa nne za lita moja zikiwa zimesimama. Ukubwa huo una sababu. Sufuria kubwa na nzito huchukua muda mrefu kupata moto na muda mrefu kupoa, na dakika hizo zote zimehesabiwa katika muda uliopimwa maabara. Sufuria ndogo hupata moto haraka na kupoa haraka, kwa hiyo katikati ya chupa, ambako joto hufika mwisho, huenda pasipate joto la kutosha.

Zile za umeme zenye vitufe vya wali, maharage na nyama zina tatizo jingine. Hupandisha na kushusha presha zenyewe, na mtumiaji hana namna ya kujua ndani kuna joto kiasi gani kwa kila dakika. Hata kama moja ina kitufe kilichoandikwa kwamba inasindika, wizara hiyo haishauri kuitumia kusindika nyama, samaki, maharage au mboga kwa muda ulioandikwa kwa ajili ya sufuria za jiko. Kwa kupika maharage ya chakula cha usiku ni vifaa bora kabisa, vinaokoa gesi na muda.

Kosa jingine, na huenda ndilo linalovutia zaidi, ni kupika maharage kwenye sufuria ya presha kisha kuyachota na kuyajaza kwenye chupa. Mpishi anaamini kwamba presha imeshafanya kazi. Imefanya, lakini kwa maharage yaliyokuwa sufuriani. Upawa, mdomo wa chupa, kifuniko na hewa ya jikoni havikupita kwenye presha ile. Katika usindikaji wa kweli, chakula hujazwa kwanza kwenye chupa, chupa hufungwa, kisha chupa zenyewe pamoja na kilichomo ndiyo huingia kwenye presha.

Chupa nazo zina habari yake. Zile za mayonezi na jemu za dukani, ambazo nyumba nyingi huzitunza chini ya sinki, hazikutengenezwa kuhimili joto hilo. Zinaweza kupasuka ndani ya sufuria, na kifuniko kilichokwisha kutumika si cha kuaminika kufunga tena. Hizo zibaki za kuwekea chumvi na iliki.

Wapo wachache wenye sufuria halisi za kusindikia, wengine wakiwa wameletewa na ndugu walioko Marekani. Kwao, usalama uko kwenye mambo madogo ambayo mtu mwenye haraka huyaruka. Kabla ya kuanza, mpira wa kifuniko uangaliwe kama umekauka au umechanika, na tundu la kutolea mvuke lichunguliwe dhidi ya mwanga kuhakikisha halijaziba. Maji huwekwa kidogo tu, kina cha sentimita tano hadi saba na nusu, kwa sababu kinachofanya kazi ni mvuke. Sufuria ikishafungwa, mvuke uachwe utoke kwa nguvu dakika 10 nzima kabla ya kuweka kizito juu ya tundu. Dakika hizo 10 zinaonekana kama upotevu wa gesi, lakini ndizo zinazoondoa hewa. Hewa ikibaki ndani, geji husoma presha sahihi huku joto likiwa chini ya linalotakiwa.

Muda wa kusindika huanza kuhesabiwa presha inapofika, si jiko linapowashwa. Maharage makavu yaliyolowekwa na kuchemshwa dakika 30 husindikwa dakika 75 kwa chupa ya nusu lita na dakika 90 kwa chupa ya lita moja. Vipande vya nyama ya ng'ombe vina muda huohuo. Presha ikishuka chini ya kiwango hata kwa dakika moja katikati ya kazi, inarudishwa juu na muda unaanza kuhesabiwa upya tangu sifuri. Kwa hiyo si kazi ya kufanya huku mtu akienda dukani au kumwogesha mtoto.

Kiwango chenyewe hutegemea mtu anaishi wapi. Kwa sufuria ya kizito, maeneo yaliyo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari hutumia paundi 10 na yaliyo juu ya hapo paundi 15. Kwa sufuria yenye geji ya mshale, mwambao ni paundi 11, Dodoma na Mwanza 12, Arusha, Mbeya na Nairobi 13, na Njombe 14. Kitabu kinachokuja na sufuria mara nyingi hutaja kwanza kiwango cha watu wa usawa wa bahari, na msomaji wa Mbeya akiishia hapo amejidanganya.

Mwisho wa kazi, moto huzimwa na sufuria huachwa ipoe yenyewe. Kuimwagia maji ya baridi au kung'oa kizito mapema ni kosa mara mbili: chupa zinaweza kupasuka au kumwaga kilichomo, na mpishi anaweza kuungua vibaya. Presha ikiisha kabisa, kizito huondolewa, watu husubiri dakika 10 nyingine, kisha kifuniko hufunguliwa kwa kukiinamisha ili mvuke uende upande usio na uso wa mtu. Watoto wawe nje ya jiko muda wote huo.

Vilevile, maelekezo ya chakula kimoja hayahamishiki kwa kingine. Juni 2018, jijini New York, wanawake watatu waliugua botulizimu baada ya kula njegere zilizosindikwa nyumbani. Aliyezisindika alikuwa amefuata maelekezo ya kuhifadhi mapichi kwa maji ya kuchemka, akaweka njegere badala ya mapichi. Pichi lina asidi ya kumzuia bakteria huyu, njegere haina. Boga lililopondwa halina muda salama hata kwa presha, kwa sababu uzito wake hubadilika kila mara na joto hukwama njiani.

Kiungo cha mafuta shuleni Uganda

Msomaji anaweza kuona mambo haya ni ya Wamarekani. Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule moja ya bweni nchini Uganda walilazwa hospitali wakiwa na botulizimu. Mmoja alifariki dunia. Ndio mlipuko wa kwanza wa ugonjwa huu kutokana na chakula kuthibitishwa nchini humo. Wachunguzi waliona chanzo kinachoelekea zaidi kuwa kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, ambacho wote watatu walikuwa wamekila.

Hapakuhitajika sufuria ya aina yoyote. Mafuta yenyewe ndiyo yaliyofanya kazi ya kifuniko. Kitunguu saumu, kitunguu maji au pilipili mbichi ikizama kwenye mafuta inakuwa mahali pasipo na hewa, na unyevu wake unabaki. Chupa hiyo ikikaa kwenye sanduku la bweni kwa wiki kadhaa, ina kila kitu ambacho bakteria huyu anakihitaji. Wachunguzi hao walieleza kwamba viungo vya namna hiyo vimezoeleka sana katika shule za Uganda. Mzazi wa Moshi au Machakos hana haja ya kuambiwa kwamba hata kwao ni hivyohivyo.

Dalili huanza mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuwahi au kuchelewa siku kadhaa. Mtoto analalamika anaona vitu viwili viwili au ukungu. Kope zinalegea kama za mwenye usingizi. Maneno yanakuwa mazito, kinywa kinakauka, mate yanashindwa kumezeka, kisha udhaifu unashuka kutoka shingoni na mabegani kwenda mikononi na miguuni. Akili inabaki timamu na kwa kawaida hakuna homa, kwa hiyo kumpa dawa ya malaria na kumlaza ni kupoteza saa zinazohitajika. Kwa mtu mzima, walio karibu wanaweza kudhani amelewa au amepata kiharusi.

Anayeua ni udhaifu huo ukifika kwenye misuli ya kupumua. Ipo dawa ya kupambana na sumu, lakini huzuia tu sumu ambayo bado inazunguka mwilini na hairudishi iliyokwisha kushika neva, kwa hiyo kila saa ina thamani. Mgonjwa apelekwe hospitali kubwa yenye mashine za kupumulia, na anayempeleka ataje chakula kilicholiwa na wengine waliokula pamoja naye. Mabaki ya chakula na chupa yake yafungwe kwenye mfuko na kupelekwa pia. Swali la daktari kuhusu chakula lisijibiwe kwa aibu ya "tulikula kawaida tu".

Kuonja ili kujua kama chupa imeharibika ni jambo la hatari. Kifuniko kilichovimba, povu au harufu mbaya ni sababu ya kuitupa, lakini sumu hii inaweza kuwepo kwenye chakula chenye rangi, harufu na ladha ya kawaida kabisa. Chupa yenye shaka ifungwe kwenye mfuko na kutupwa mahali ambapo mtoto, mbwa wala kuku hataifikia. Hata ile iliyosindikwa kwa kufuata maelekezo yote, ikiwa ni ya nyama, maharage au mboga, ni vyema ichemshwe dakika 10 kabla ya kuliwa, na dakika moja zaidi kwa kila mita 300 za mwinuko. Mbeya na Nairobi zinafika dakika 16. Sumu yenyewe, tofauti na spora, huharibika kwa kuchemshwa.

Baada ya yote hayo, familia nyingi za Afrika Mashariki hazina sababu ya kununua sufuria ya kusindikia. Maharage makavu yameshahifadhiwa na jua, na yanakaa miezi bila chupa wala presha. Dagaa, makopa, majani ya kunde na samaki wa kukaushwa ni ufundi uleule wa kuondoa maji ili bakteria asipate pa kuanzia. Yaliyopikwa kwa wingi yagawanywe kwenye vyombo vidogo na kugandishwa kwenye friza. Asiye na friza apike ya siku tatu na kuyaweka kwenye friji.

Anayependa chupa ana uwanja mpana kwenye vyakula vichachu. Jemu ya nanasi, mamaledi ya machungwa na achari iliyotengenezwa kwa siki ya kutosha hutosheka na maji ya kuchemka, kwa kuwa asidi ndiyo inayozizuia spora kuamka. Nyanya iko mpakani, kwa hiyo huongezwa kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limao kwa chupa ya nusu lita, au viwili kwa ya lita moja. Yawe ya chupa ya dukani, ambayo uchachu wake umepimwa, kwani malimao ya sokoni hayalingani.

Na kwa sanduku la bweni: karanga za kukaanga, dagaa waliokaushwa vizuri, siagi ya karanga ya kiwandani, pilipili ya unga, achari ya siki. Pilipili ya mafuta ya nyumbani ibaki nyumbani, kwenye friji, na iishe ndani ya siku nne.